Uniti Sita za Wubbina Hoving

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, na Wubbina Hoving aliisoma akiwa bado mlangoni, koti mwilini, mfuko wa vitunguu mkononi. Manispaa ya Oostermond ilikuwa inamjulisha, kwa heshima na taadhima, kwamba haishi nyumbani kwake.

Akaisoma tena, maana pengine miwani ilikuwa na ukungu. Haikuwa na ukungu wowote. Barua ilisema mita yake ya maji ilionyesha uniti sita kwa mwaka mzima, ilhali mtu anayeishi peke yake hutumia karibu hamsini. Kwa hiyo haiaminiki kwamba anwani hii ndiyo makazi yake. Kwa hiyo posho yake ya kila mwezi imesimamishwa mpaka uchunguzi ukamilike. Na ikithibitika kwamba anaishi kwingine, atarudisha yote aliyopewa kwa miaka mitano.

Wubbina akageuka akaitazama nyumba yake. Viazi vilikuwa kwenye beseni, nusu vimemenywa, nusu bado. Soksi zake zilianikwa mgongoni mwa kiti. Harufu ya kahawa ya asubuhi ilikuwa haijatoka.

"Ebo!" alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. "Sasa viazi hivi anavimenya nani? Jini?"

Nyumba ile ya matofali kando ya mfereji amekaa miaka thelathini na minne. Ndimo alimouguzia mumewe Harm mpaka mapafu yakamshinda, na ndimo walimomtoa kwenda kumzika. Hakuna mtu wa mfereji huu asiyejua kwamba Wubbina anaishi namba arobaini na moja. Bata wanajua. Mwenye kuleta barua anajua, maana hiyo barua ya kumwambia haishi pale aliileta palepale, na akamkuta.

Lakini ofisi haikuuliza bata. Iliuliza mita.

Basi zile uniti sita zina historia yake, na ofisi ingetaka kuijua ingeketi ikaambiwa. Wubbina alizaliwa mwisho wa mfereji wa pembeni, kwenye nyumba za wachimba mboji, ule udongo mweusi unaokaushwa kuwa kuni, wa sita katika watoto saba. Maji ya mfereji yalikuwa meusi, hayanyweki. Maji ya kunywa yalitoka juu ya paa, yakashuka kwenye kisima cha saruji chini ya sakafu ya jikoni, na mvua ikikawia, ndugu saba waliyatazama yakipungua huku mama yao Aaltien akiwa ameukalia mfuniko. Jumamosi waliogea karai moja, maji yaleyale, kuanzia mkubwa. Maji yaliyomfikia mtoto wa sita yalikuwa yameshaona mengi. Aaltien hakuwa na maneno mengi, ila ukimwaga kikombe cha maji alikutazama hadi ukatamani ulambe sakafu.

Mtoto aliyelelewa hivyo hafungui bomba tu likatiririka. Wubbina asubuhi huchemsha birika moja, kahawa vikombe viwili, yanayobaki yanaingia chupa ya chai. Hujisugua kwa kitambaa na maji ya beseni moja, kichwa hadi kidole gumba, akang'aa kuliko wewe uliyesimama chini ya bafu robo saa. Maji ya beseni hupiga deki. Maji ya deki humwagwa chooni. Nyuma ya nyumba ana mapipa matatu ya mvua, na nchi hii, mwenzangu, haijawahi kukosa mvua. Hayo ndiyo hufua nguo, hunywesha kabichi na kusukuma choo. Uniti sita ni za kunywa, kupika na kuosha uso, na mwanamke mmoja hawezi kunywa zaidi ya hapo asipopasuka.

Chakula ni hivyohivyo. Njegere kavu huzichemsha dakika kumi, kisha sufuria nzima huiingiza kwenye sanduku lililojazwa majani makavu, anaifunika blanketi, anakwenda zake. Saa sita mchana anafungua, supu imeiva na gesi ililala. Jokofu analizima Novemba hadi Machi, kwa sababu baraza ya nyuma ina baridi ya kutosha na haina bili. Jioni, jua likizama, hawashi taa. Anakaa kwenye kiti dirishani anatazama giza likiingia, kama walivyokaa wazazi wa kila mtu wa mifereji hii, saa nzima ya kupumzisha macho na mkono. Watoto wa siku hizi wakiona nyumba haina taa wanadhani mwenyewe amekufa.

Na asiyemjua asije akasema ni bahili. Bahili huwanyima watu. Sufuria ya njegere ya Wubbina kila Jumamosi ilikuwa na bakuli la jirani, na watu wangapi hapa wanavaa soksi alizofuma kutoka sweta zilizofumuliwa! Kiwanda cha wanga wa viazi kilipofungwa, yeye akiwa na miaka hamsini na tatu, wenzake kumi na wawili wa mashine ya kupakia walikopa hadi wakalia. Wubbina hakukopa hata senti. Alizika mume kwa pesa taslimu. Aliandika maombi ya kazi mia na zaidi, akajibiwa kwamba wanatafuta mtu mwenye ari ya ujana, na ndipo, kwa aibu iliyomlaza kitandani siku mbili, akaenda kuomba posho. Tangu hapo kuishi kwa kidogo hakukuwa tabu kwake. Ilikuwa ndiyo heshima aliyobaki nayo.

Kosa lake lilikuwa moja tu: alijisifu.

Huku kwetu kujisifu ni aibu kuliko kuiba kuku. Ukifanya jambo zuri unalinyamazia, na wakikusifu unatazama viatu. Lakini bei ya gesi ilipopaa, manispaa ilianzisha shindano. Mabango yalijaa kila daraja: Kila Tone Lina Thamani. Kaya itakayotumia maji na gesi kidogo kuliko zote itapewa zawadi, picha yake itatoka gazetini. Lammert Dekker, jirani yake wa ukutani, mgane aliyefungua na kufunga daraja la mfereji kupitisha mashua miaka yote mpaka likawekewa mashine, alilileta tangazo mpaka mezani.

"Jirani, hili shindano limeandikwa jina lako," alisema, akichukua biskuti yake moja. Kwa Wubbina kahawa inakuja na biskuti moja, kopo linafungwa.

"Toka hapa. Nikatangaze maisha yangu gazetini? Mama atafufuka anichape."

"Mama yako angeshinda na yeye. Peleka bili, bwana wee! Au unaogopa kushindwa na yule mwalimu wa ng'ambo ya mfereji, aliyefunga mitambo ya jua na bado anaogea beseni la kuzamia?"

Hilo lilimchoma. Mwalimu yule alikuwa hamalizi wiki hajawahubiria watu juu ya dunia kuisha. Wubbina alikaa siku tatu akijikanya, siku ya nne akazitia bili zake kwenye bahasha iliyokwisha kutumika, akageuza upande wa ndani nje, akazipeleka mwenyewe kwa miguu asilipie stempu.

Alishinda. Wa pili yake alikuwa mbali, hata hamwoni mgongo. Mkuu wa mazingira wa manispaa alikuja na keki na mpiga picha, akamshika mkono, akasema mji mzima ungeishi kama Bi Hoving, dunia ingepona. Zawadi ilikuwa kijichupa cha mchanga cha kubandika bafuni, kinachokuambia dakika tano za kuoga zimekwisha. Wubbina, ambaye hajaoga dakika tano mfululizo tangu azaliwe, alishukuru, akakipeleka jikoni kupimia mayai. Picha ilitoka ukurasa wa tatu. Alitazama viatu, lakini ukiangalia vizuri anacheka.

Basi ghorofa ya kwanza ya manispaa ikampa keki. Ghorofa ya pili ikasoma gazeti, ikaona uniti sita, ikampelekea ile barua. Jengo moja, lifti moja, na asubuhi wote wanapanga foleni kwenye mashine moja ya kahawa!

Wiki iliyofuata barua walikuja wawili, saa tatu asubuhi, bila taarifa. Mbele alikuwa binti wa miaka thelathini hivi aliyejitambulisha kwa jina la Marloes Tuinstra, mkaguzi wa posho, na nyuma yake mwanamume aliyebeba kamera ambaye hakusema neno hadi anaondoka. Walivua viatu wenyewe. Adabu walikuwa nayo, hilo lazima lisemwe.

"Bi Hoving, tunaomba kuangalia nyumba. Una haki ya kukataa, ila ukikataa tutaandika kwamba umekataa."

"Angalieni. Mimi nipo hapa, mtaniona tu."

Marloes alifungua jokofu. Lilikuwa na joto la chumba, ndani mna mfuko wa pini za kuanikia nguo.

"Jokofu halifanyi kazi?"

"Linafanya. Ni Desemba. Chakula kipo barazani."

Kamera ikalia. Marloes akaenda chooni, akavuta, hakukuja kitu.

"Choo hakina maji."

"Hiyo ndoo hapo pembeni ni ya nini, mwanangu? Mapambo?"

Kamera ikalia tena. Bafuni Marloes alisimama kwenye kikombe cha mswaki muda mrefu. Kilikuwa na miswaki minne.

"Bi Hoving, hapa kuna miswaki minne."

"Ndiyo. Mmoja wa meno. Mmoja wa kusugulia kati ya vigae. Mmoja wa viatu. Huo mweusi ni wa mnyororo wa baiskeli."

"Kwa hiyo hakuna mtu mwingine anayelala hapa?"

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na Lammert, aliyekuwa ameegemea uzio wake tangu saa tatu kasoro akijifanya anakagua kutu ya bawaba, hakuweza tena kujizuia.

"Ngoja nielewe, binti," alipaza sauti. "Huyu mama haishi hapa, sivyo? Na haishi hapa pamoja na watu watatu wengine?"

"Bwana, tafadhali, haya ni mahojiano ya faragha."

"Mimi naishi ukutani kwake! Akipiga chafya naitikia! Niulize mimi!"

"Ushahidi wa majirani tunao," alisema Marloes, akafungua faili. "Jirani mmoja ametueleza kwamba jioni nyumba hii huwa giza."

 Wubbina alitaka kueleza, akaanza: juu ya jioni, kiti cha dirishani, wazazi, kupumzisha macho. Katikati ya sentensi akajisikia anavyosikika, mwanamke mzima anamweleza mtoto wa juzi kwa nini anakaa gizani nyumbani kwake, akanyamaza. Kamera ilipiga picha ya kitanda chake. Hilo lilimuuma kuliko yote. Kitanda alichofia Harm, mtu asiyemjua anakipiga picha kuona kama kimelaliwa.

Walipotoka alisugua bafu zima kwa ule mswaki wa vigae, bafu ambalo lilikuwa safi.

Posho haikuja Desemba, haikuja Januari. Wengine wangeinua mikono siku ya kumi. Wubbina alikuwa na magunia mawili ya viazi barazani, njegere na maharage ya kukausha, kabichi iliyotiwa chumvi kwenye mitungi, mafuta aliyonunua wakati wa punguzo. Kodi ya nyumba aliilipa kwa akiba ya miaka, ile aliyoiweka kwa ajili ya kuzikwa kwake. Alijifunga mkaja, kama walivyosema wahenga, akashusha joto la nyumba hadi digrii kumi na tatu na kuvaa sweta mbili. Lammert alileta bahasha ya pesa, akarudishiwa mlangoni.

"Usinitukane, Lammert."

"Nakutukana vipi? Nakukopesha!"

"Ndiyo hilohilo."

Mwishoni mwa Januari aliitwa kujitetea mbele ya kamati ya malalamiko, ghorofa ya tatu. Alivaa koti la mazishi. Lammert alikwenda naye, akatakiwa aketi ukutani asiseme kitu, jambo lililomtesa kuliko mgongo wake. Wajumbe walikuwa watatu, na mwenyekiti aliitwa Van Houwelingen, bwana wa mvi nzuri na sauti ya taratibu, wa aina ile inayokukosea adabu bila kuinua sauti.

Wubbina aliweka mezani gazeti lenye picha yake na mkuu wa mazingira.

"Hawa ni ninyi," alisema. "Mwezi wa tano mlinipa keki."

Mwenyekiti alilisoma kwa makini. "Hongera, Bi Hoving. Lakini shindano lile lilikuwa la idara ya mazingira. Wao hawakuthibitisha makazi. Walipima matumizi tu."

"Na ninyi mmepima nini?"

Mjumbe mmoja alikohoa. Mwenyekiti akageuza karatasi. "Matumizi pia, ndiyo. Ila kwa lengo tofauti."

"Kwa hiyo uniti sita ghorofa ya kwanza ni ushindi, na ghorofa ya pili ni wizi."

"Hakuna aliyetamka neno wizi, mama. Tunasema tu kwamba si kawaida. Mtu wa kawaida hutumia karibu hamsini."

"Nileteeni huyo mtu wa kawaida," alisema Wubbina. "Nimwone anafanya nini na hayo maji. Anaogesha farasi?"

Lammert alicheka huko ukutani, akatazamwa, akaitazama dari.

"Kuna jambo jingine," mwenyekiti aliendelea, na hapa sauti yake ikazidi kuwa taratibu. "Posho yako imesimama wiki tisa. Katika wiki hizo hukuomba msaada wa dharura, kodi umelipa kwa wakati, na hukuonekana kwenye kituo cha chakula cha bure. Kamati inajiuliza: umeishije?"

"Kwa viazi."

"Wiki tisa?"

"Na njegere."

"Inaleta hisia, Bi Hoving, ya kuwepo kipato kingine. Au mtu mwingine anayekutunza."

Hapo Wubbina alisimama. Hakuwa amepanga kusimama. Ni mwanamke ambaye kwa miaka sitini na moja alikuwa hajapaza sauti ofisini, si kiwandani walipomwachisha, si hospitali walipomchanganyia Harm dawa, si dirishani siku aliyoomba posho kwa mara ya kwanza na kukabidhiwa fomu kwa kusukumiwa kwa kalamu. Yote yale yalikuwa yamekaa kifuani, nayo yakatoka kwa mkupuo.

"Nisikilizeni. Ningekopa, mngesema sijui kutunza pesa, mngenipeleka darasani nikafundishwe na mtoto jinsi ya kupika maharage. Ningekuja kulia njaa, mngenipa fomu. Sikukopa, sikulia, nimekaa kwenye baridi na sweta mbili nikala nilichokausha mwenyewe, mnasema nina bwana! Kila mwaka mnatuletea vikaratasi: punguzeni, baneni, okoeni. Nimepunguza! Nimepunguza tangu kabla hamjazaliwa! Kumbe mlitaka tupunguze kidogo tu, kiasi cha kuwapendeza. Maskini akibana matumizi mpaka mwisho, mnamwambia hayupo. Haki ya Mungu, mngekuwa na haya mngeficha nyuso!"

 Mjumbe aliyekohoa alikuwa anaandika, kisha akaacha kuandika. Wubbina aliketi, akajiona mjinga kwa sababu sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na leso. Mwenyekiti alimsogezea glasi ya maji, akasema kamati imesikia, uamuzi utatumwa kwa barua.

Wubbina aliyanywa yote, mpaka tone la mwisho, kwa mazoea.

Barua ya pili ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Lammert aliisoma kwa sauti kwa sababu Wubbina alikataa kuigusa. Posho inarudishwa, pamoja na ya miezi iliyopita, lakini kwa muda. Kwa miezi mitatu mita ya maji itafuatiliwa. Ikionyesha matumizi yanayolingana na makazi ya kawaida ya mtu mmoja, faili litafungwa. Isipoonyesha, posho itakatwa moja kwa moja, na madai ya miaka mitano yatatumwa.

"Umeshinda, jirani!" alisema Lammert, kisha akaona uso wake. "Hukushinda?"

"Soma tena hapo katikati."

Akasoma. Akakuna kichwa. "Mita... matumizi ya kawaida... Ala! Wanataka uyamwage."

"Wanataka niyamwage."

Walikaa, kila mtu na biskuti yake. Lammert alijitahidi. Akasema atakuja kuoshea gari lake bomba la Wubbina. Wubbina akamkumbusha kwamba gari aliliuza mwaka juzi. Akasema basi ayaelekeze bustanini, kabichi zipate.

"Ni Februari, Lammert. Bustani imekuwa jiwe."

"Basi oga kama watu! Simama chini ya bafu nusu saa, imba!"

"Nikishatakata naoga nini tena? Ngozi?"

Aliwaza kukataa. Ukweli lazima usemwe, siku mbili nzima aliwaza kuwaandikia kwamba posho yao wakaitie kwenye ile mashine ya kahawa. Lakini akiba ya kuzikwa ilikuwa imeliwa na kodi. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Bila posho, majira ya kupanda viazi yangemkuta nje, na hapo kweli asingekuwa anaishi namba arobaini na moja. Mnyonge hana haki. Anachoweza ni kuchagua ataumizwa wapi.

Siku ya kwanza alikinga. Alijaza ndoo zote, sufuria zote, mitungi, karai la mama yake, hata vikombe. Nyumba ikawa kama mahali panapovuja paa. Siku ya pili hapakuwa na chombo kitupu, na mapipa ya nje yalikuwa yamefurika kwa mvua na theluji. Siku ya tatu, saa tatu na nusu asubuhi, alisimama mbele ya sinki la jikoni, akafungua bomba, akalitoa beseni chini yake.

Maji safi ya kunywa yalipiga chuma, yakazunguka, yakaingia shimoni. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe kulifunga. Akaushika kwa mkono mwingine. Alipiga hesabu na Lammert: nusu saa kila siku ingetosha. Nusu saa! Alivuta kiti akaketi, akaligeuzia bomba mgongo, lakini masikio hayana kope. Alilia kwa hasira, na kila alipofuta machozi aliwaona ndugu zake wanatazama kisima. Nusu saa ilipotimia alilifunga, akalikaza mpaka likaumia. Bili ya maji ya mwezi ule ilikuja, akailipa kwa posho. Yaani manispaa ilimpa pesa akanunulie maji, akayamwage, ili manispaa iamini anastahili kupewa pesa.

Watu walizoea. Majirani walikuwa wakipita saa nne kasoro na kusikia bomba linavyonguruma, wengine wakicheka, wengine wakisonya kwa niaba yake. Yule mwalimu wa ng'ambo ya mfereji alimsimamisha dukani akamuuliza kama kweli anachezea maji, dunia ikiwa katika hali hii.

"Kaulize ghorofa ya pili," Wubbina alimjibu, akachukua chumvi yake akaenda.

Katikati ya Mei Marloes Tuinstra alirudi, safari hii peke yake. Alibisha, akafunguliwa, akavua viatu. Kabati la mita liko palepale nyuma ya mlango. Alipiga magoti akamulika kwa simu, akaandika, akafanya hesabu, na alipoinuka alikuwa anatabasamu, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na faili la kufunga tu.

"Uniti kumi na tatu kwa miezi mitatu," alisema. "Vizuri sana, Bi Hoving. Hiyo ni kawaida kabisa. Naandika kwamba unaishi hapa."

"Ahsante," alisema Wubbina.

"Kwa hiyo tumemalizana. Pole kwa usumbufu." Alikuwa ameshaingiza mguu mmoja kwenye kiatu alipotega sikio. Akachungulia jikoni. Sinki lilikuwa tupu, na juu yake maji yalikuwa yanakwenda kwa nguvu zote.

"Mama, umesahau bomba wazi."

"Sijasahau."

"Lakini maji yanapotea! Si ufunge?"

Wubbina alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani, ameligeuzia bomba mgongo.

"Nifunge nini, mwanangu?" alisema. "Umeshaandika kwamba huyo ndiye mimi. Nikilifunga, mtasema nimehama."